Mkono Begani: Siku Kumi na Mbili Nikizifuata Nyuso za Zhang Xiaogang

Siku ya 1. Guangzhou

Mvua. Mpwa wangu, aliye mwaka wa nne wa udaktari huku, alinipokea uwanja wa ndege na mwavuli mmoja, akauelekeza wote kwangu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Ndani ya teksi akaniuliza lile ambalo ndugu zangu wamekuwa wakiniuliza tangu Januari: mwalimu mstaafu wa sanaa anakwendaje China bila biashara na bila matibabu, eti kutazama michoro?

Nikafungua bahasha. Picha iliyomo ilipigwa mwaka 1971 katika studio ya baba yangu, Mbeya. Baba amekaa kitini, amevaa suti ya Chou En-lai, ile ambayo kwetu ilikuwa inaitwa Chunlai tu, vifungo mpaka kooni. Mama amekaa pembeni yake, amempakata mdogo wangu, yaani mama yake huyu kijana. Mimi nimesimama, nina miaka minane, magoti yanang'aa mafuta. Hakuna anayetabasamu. Na begani kwa baba, juu ya kitambaa cheusi, umelala mkono wa mtu mzima: vidole vinne na kifundo. Baada ya kifundo hakuna kitu, ni ukuta mweupe mtupu.

"Mkono wa nani huu, Mjomba?"

"Nitakueleza njiani."

Nilimweleza kwanza lililonileta. Reli ya TAZARA ilipokuwa ikikaribia kwetu, mafundi wa Kichina walikuwa wakija studio kupiga picha za kutuma makwao. Walikuja wawili au watatu pamoja, beji ndogo kifuani, wakakaa mbele ya kamera nyuso zimetulia kama maji ya mtungini. Kazi yangu ilikuwa kuwanyooshea kola. Miaka mingi baadaye, katika jarida la sanaa aliloniachia mwalimu mwenzangu, niliona familia ya Kichina ya rangi ya kijivu, nikadhani ni picha iliyotoka kwetu. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni mchoro wa rangi ya mafuta. Chini yake palikuwa na jina la Zhang Xiaogang. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachopata juu ya mtu huyu, na nilijiwekea nadhiri kwamba nikistaafu nitazifuata nyuso zile mpaka kwao.

Siku ya 2. Treni ya kwenda Kunming

Siku nzima garini. Vilima vya chokaa vinasimama peke yake mashambani kama vichuguu vya mchwa. Mpwa alikuwa akinisomesha jina la mfululizo wa michoro niliyoijia: *Xueyuan: Da jiating*. Neno la kwanza ni uhusiano wa damu. La pili ni familia kubwa, na kwa Wachina wa umri wangu halikomei nyumbani, maana nchi nzima ilikuwa ikiitwa hivyo, familia kubwa ya ujamaa. Nikamwambia sisi tulikwenda mbali zaidi, neno lenyewe la siasa tulilitoa kwenye jamaa. Akacheka, kisha akanyamaza muda mrefu akitazama dirishani.

Siku ya 3. Kunming

Nilipofungua dirisha asubuhi nilidhani niko Mbeya. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, una ubaridi ule wa kwetu unaouma masikioni halafu jua likitoka unaisha.

Zhang Xiaogang alizaliwa hapa mwaka 1958, wa tatu kati ya watoto wanne, wote wa kiume. Wazazi wake walikuwa watumishi wa serikali. Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya kung'oa mawazo ya zamani, yalipoanza mwaka 1966 alikuwa na miaka minane, sawa na mimi kwenye ile picha. Wazazi wakapelekwa mbali kwenda "kufunzwa upya", watoto wakabaki wakijilea. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa akili uliomwandama kwa miaka mingi. Ni mama huyohuyo aliyempa penseli na karatasi utotoni ili watoto wake wakae ndani, wasizurure mitaani wakapata matatizo. Mwaka 1976 kijana akapelekwa vijijini kulima pamoja na vijana wengine wa mjini. Mwaka uliofuata mitihani ya kuingia vyuo ikarudishwa baada ya kufutwa kwa miaka kumi, naye akapata nafasi katika chuo cha sanaa cha Sichuan, kilichoko Chongqing.

Ninachotaka kukiandika vizuri leo ni mwaka 1992 na 1993. Katika mwaka ule wa kwanza alikwenda Ujerumani kwa miezi mitatu, akaingia makumbusho moja baada ya nyingine, akawaona uso kwa uso wachoraji aliokuwa akiwaabudu vitabuni. Alirudi akiwa na swali zito: yeye kama Mchina ana nini cha kuchora? Jibu alilipata mji huu, nyumbani kwa wazazi wake, kwenye picha za zamani za familia. Mojawapo ilikuwa ya mama yake akiwa msichana, mzuri, ametulia, macho yamejaa uhai. Mama aliyemjua yeye alikuwa mgonjwa. Aliyekuwa pichani hakuwahi kukutana naye.

Hapo ndipo mimi, mtoto wa studio, ninapomwelewa. Nilijifunza kurekebisha picha nikiwa darasa la tano. Unaiweka negative, ile filamu ambamo nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe, juu ya kioo chenye taa kwa chini, unachonga penseli mpaka ncha iwe kama sindano, unajaza chunusi, unalainisha mikunjo ya paji, unaondoa kivuli chini ya macho. Mteja akitaka rangi, unapaka mashavu wekundu kidogo kwa pamba. Baada ya saa moja mtu ni mzuri, ila amesogea hatua moja kuelekea sura ya mteja aliyepita na ya atakayekuja. Wachina nao walikuwa na kazi hii, penseli hiihii na mashavu mekundu hayahaya. Zhang aliona kwamba ule ulaini una kitu ndani yake. Watu wanakwenda studio na jambo la siri kabisa, yaani familia yao, halafu wanatoka na sura inayofanana na ya taifa zima: nguo ileile, mkao uleule, beji ileile, uso usio na swali. Kabla ya hapo alikuwa akichora kwa mikwaruzo minene, mizimu na ndoto. Kuanzia mwaka 1993 alianza kufuta alama za brashi yake mwenyewe, mpaka nyuso zikawa laini kama karatasi ya picha.

Halafu juu ya ule ulaini akaweka vitu viwili tu. Cha kwanza ni uzi mwekundu mwembamba, unaotambaa toka kwa mtu hadi kwa mtu, wakati mwingine huuoni mpaka usogee. Cha pili ni doa la mwanga usoni, kama kovu, kama alama ya kuzaliwa, kama picha iliyoliwa na unyevu. Mtoto mara nyingi ana rangi yake peke yake, nyekundu au njano, katikati ya watu wa kijivu.

Nimeandika mpaka mkono umechoka. Mpwa ameshalala.

Siku ya 4. Kunming

Ziwa Cuihu. Shakwe weupe waliokuja toka Siberia kukimbia baridi bado wapo wachache. Wazee wanacheza muziki, wengine wanacheza karata. Nilikaa nikatazama nyuso za wenye miaka sabini na zaidi, nikiwavisha akilini ile kofia na ile suti. Haikunichukua nguvu.

Siku ya 5. Chongqing

Mji wa ngazi. Unaingia jengo kwa mlango wa chini, unatoka ghorofa ya kumi ukajikuta barabarani tena. Magoti yangu yamelalamika kutwa.

Huangjueping ndipo ilipo kampasi ya zamani ya chuo cha sanaa. Majumba ya mtaa mzima yamechorwa kuta toka juu hadi chini, na nyuma yake yamesimama mabomba mawili marefu ya kituo cha umeme kilichokwisha kufungwa. Maghala yaliyowahi kuhifadhi vifaru vya jeshi yamegeuzwa studio za wachoraji.

Darasa lililoingia hapa baada ya mtihani wa 1977 lilibadilisha uchoraji wa China. Walikuwa vijana waliotoka mashambani, viwandani, jeshini, wengine walishawahi kuwa Walinzi Wekundu, yaani vijana waliompigania Mao wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Walichora walichokiona, na kazi zao zikaitwa sanaa ya makovu, yaani makovu ya Mapinduzi yale. Luo Zhongli, Cheng Conglin, Gao Xiaohua, He Duoling: hawa walijulikana nchi nzima kabla hawajamaliza chuo. Zhang alikuwa mdogo wao, mkimya. Alipomaliza mwaka 1982 hakupata kazi ya kufundisha, akarudi Kunming akafanya kazi ya ujenzi, kisha akapaka mapazia ya jukwaa katika kikundi cha nyimbo na ngoma. Mwaka 1984 pombe ilimlaza hospitali. Nadhani ndiyo maana makovu yake yalichelewa kutoka, na yalipotoka hayakuwa na damu inayotiririka. Yalikuwa yamekwisha kufunga.

Tulikunywa chai kwenye mkahawa wa zamani karibu na chuo, dari ya mbao, wazee wamejaa na ndege wao kwenye vizimba. Mchoraji Chen Anjian amewachora wazee wa mkahawa huu kwa miaka mingi, na ndiye aliyesaidia usibomolewe. Tulikaa mpaka giza.

Siku ya 6. Ciqikou na Shapingba

Siku nzito.

Asubuhi, kwenye mtaa wa kale wa Ciqikou kando ya mto Jialing, tulimkuta mzee anayechora sura za watu kwa unga wa makaa. Hatumii mistari. Anachovya brashi fupi kwenye unga mweusi, anasugua karatasi kidogo kidogo, kivuli kinajikusanya, uso unatokea kama mtu anayetoka kwenye ukungu. Zamani kila familia ilikuwa na picha kama hizi za wazazi waliotangulia, zimetundikwa sebuleni. Zhang alijifunza mengi kwa mafundi hawa wa barabarani. Ule ukungu wa nyuso zake ulianzia kwenye brashi za namna hii.

Nilimpa picha yangu nikamwomba anichoree. Aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akamtazama baba, akaigusa ile suti akasema neno, mpwa akatafsiri: "Anauliza huyu mzee wako alikuwa kada?" Nikasema ndiyo, wa kwetu. Akaendelea kutazama. Kisha akaweka ncha ya ukucha juu ya ule mkono begani, akauliza swali la pili.

"Anasema akuondolee?"

Hakuwa na nia mbaya. Hili ni swali la kiufundi, hata mimi ningeliuliza. Nilishindwa kujibu kwa muda. Kisha nikasema auache. Akaniambia basi picha itakuwa na kasoro. Nikasema iwe nayo.

Mchana tulikwenda bustani ya Shapingba. Ndani yake, nyuma ya ukuta, kuna makaburi ya Walinzi Wekundu. Miaka ya 1967 na 1968 makundi mawili yaliyodai kila moja kuwa ndilo tiifu zaidi kwa Mao yalipigana hapa Chongqing kwa bunduki na mizinga, kwa sababu mji ulikuwa na viwanda vya silaha. Waliokufa wengi walikuwa vijana, hata watoto wa shule. Mamia wamezikwa humu chini ya minara ya saruji yenye nyota. Mwaka 2009 mahali hapa palitambuliwa rasmi kuwa pa kuhifadhiwa. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Kupitia upenyo niliona majani na ncha za minara, basi.

Cheng Conglin aliyachora mapigano haya mwaka 1979 akiwa mwanafunzi: theluji, jengo lililovamiwa, walioshindwa wanatolewa nje mbele ya walioshinda, wote ni watoto, wote wana alama zilezile nyekundu. Kichwa chake ni tarehe isiyokamilika, *Siku Fulani ya 1968, Theluji*. Nikiwa pale langoni nilielewa kwa nini hakuandika siku yenyewe. Kila nyumba ya mji huu ilikuwa na siku yake.

Mama mmoja alikuja na maua, akakuta mnyororo, akayaegemeza ukutani akaondoka. Hatukumsemesha.

Siku ya 7. Treni ya kwenda Beijing

Kulala, tambi za maji moto, kulala.

Siku ya 8. Beijing, Makumbusho ya Taifa

Uwanja wa Tiananmen una ukaguzi wa mifuko na foleni mbili. Picha ya Mao langoni huchorwa upya kwa mkono na kubadilishwa kila mwaka kabla ya tarehe 1 Oktoba. Upande wa mashariki wa uwanja ndipo makumbusho yalipo, na humo kuna mchoro ambao lazima uuone kabla ya kumwelewa mchoraji yeyote wa kizazi cha Zhang: *Sherehe ya Kuanzishwa kwa Taifa*, wa Dong Xiwen, mwaka 1953. Mao amesimama roshanini mbele ya maikrofoni, viongozi nyuma yake, zulia jekundu, taa kubwa, maua, uwanja umejaa watu na bendera.

Historia ya mchoro huu ni historia ya kufutwa. Gao Gang, mmoja wa viongozi hao, alipoanguka kisiasa katikati ya miaka ya 1950, Dong aliagizwa amtoe. Akamtoa. Mapinduzi ya Utamaduni yalipokuja, akaagizwa amtoe Liu Shaoqi, aliyekuwa rais wa nchi. Akamtoa huyo pia, akamweka mwingine mahali pake. Mwaka 1972 ikatakiwa mabadiliko mengine, lakini Dong alikuwa mgonjwa wa saratani, na kanvasi imeshapakwa na kukwanguliwa mno. Jin Shangyi na Zhao Yu wakapewa kazi ya kuchora nakala mpya. Dong alifariki mwaka 1973. Mao alipokwisha kufa, upepo ukageuka, mwaka 1979 waliofutwa wakarudishwa kwenye nakala hiyo. Leo wamesimama hapo tena, kana kwamba hawakuwahi kuondoka.

Kwa muda mrefu nilitazama pale walipofutwa. Mpwa akaniuliza kama nimechoka. Tukatoka nje tukakaa kwenye ngazi, nikamweleza habari ya mkono.

Ni mkono wa baba yangu mdogo. Alikuwa msaidizi wa baba pale studio, yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyenionyesha jinsi picha inavyojitokeza ndani ya dawa kwenye chumba cha giza. Baadaye alirudi shambani kwa babu. Ukafika mwaka wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Babu alikuwa amezikwa pale penye kahawa, na baba mdogo akasema haondoki. Akalisema hilo hadharani, mkutanoni, mbele ya watu wengi. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi na mwanachama wa kweli, aliamini kwa moyo wake wote, wala sitaki kijana huyu amfikirie vingine. Akasimama kumjibu. Na alipomtaja hakumtaja kwa jina, akamwita "Ndugu".

Wewe mwanangu, nikamwambia, umezaliwa neno hilo limeshapoa. Sisi tulikuwa tukiitana hivyo ofisini, kwenye barua, kwenye mikutano, kama Wachina walivyokuwa wakiitana *tongzhi*. Lilikuwa neno zuri, lilimfanya mfagiaji na waziri wawe kitu kimoja. Lakini mtu akimwita hivyo ndugu yake wa tumbo moja, mbele ya watu, kwa sauti ile, amemwondoa nyumbani.

Baba mdogo akavuka mpaka kwenda Zambia. Wiki ileile baba alitoa negative ya mwaka 1971, akaiweka juu ya kioo, akaniambia nishike taa. Kulikuwa na rangi nyekundu ya maji ya kuzibia. Ukiipaka kwenye negative, mwanga haupiti, na pale panapozibwa picha inatoka nyeupe. Aliifanya kazi hiyo kwa wateja, mara nyingi kwa mke aliyeachwa. Mama alikuwa mlangoni. Akasema mara moja tu, "Ndugu mwovu, heri kuwa naye." Baba hakugeuka. Alimpaka mdogo wake kichwa, kifua, mkono wote mpaka kwenye kifundo. Hapo akakwama, maana vidole vilikuwa juu ya suti yake mwenyewe, na kuviziba kungemwachia tundu jeupe begani. Akatafakari, akaweka brashi chini. Siku hiyohiyo akasafisha nakala mpya, ile ya zamani akaishusha ukutani.

Mpwa hakusema kitu. Alichukua bahasha akaitia kwenye begi lake, akaibeba yeye mpaka tulipofika tulikolala.

Siku ya 9. Makumbusho ya Sanaa ya Taifa

Leo nimemwona *Baba* wa Luo Zhongli, mchoro wa mwaka 1980. Picha za vitabuni hazikuandai. Ni uso wa mkulima mzee wenye urefu unaozidi mita mbili, kilemba kichwani, bakuli la chai mkononi, jino moja limebaki, mikunjo ya uso kama mashamba ya ngazi. Unaona matone ya jasho. Kwa ukubwa huo China ilikuwa imezoea kuchora uso wa mtu mmoja tu, Mao, na kila aliyesimama mbele yake mwaka ule alilielewa hilo bila kuambiwa.

Luo alipata wazo usiku wa kuamkia mwaka mpya wa Kichina, mwaka 1975, alipomwona mkulima amesimama kwenye baridi kutwa nzima akilinda choo cha umma ili mbolea isiibwe. Mwanzoni aliuita *Baba Yangu*. Mchoraji mkubwa Wu Guanzhong akashauri neno "yangu" litolewe. Kwa kukata neno moja mzee wa mtu mmoja akawa mzazi wa nchi.

Lakini mimi nilikwenda kutazama sikio la kushoto. Hapo kuna kalamu ya wino ya kisasa, imechomekwa kama fundi seremala anavyochomeka penseli. Mzee huyu hana dalili ya kujua kuandika. Kalamu iliongezwa baada ya ushauri kwamba mkulima huyu lazima aonekane ni wa China mpya, aliyesomeshwa na ujamaa, asije akadhaniwa ni wa zama za dhuluma. Luo akaiongeza. Kazi ikashinda tuzo ya kwanza, na mabishano juu yake yakaendelea kwa muda.

Nimewasikia wengi wakisema kalamu ile imeuharibu mchoro. Mimi sikubali. Kalamu ndiyo inayoniliza. Uso wote ni wa kweli, halafu pembeni kuna kitu kidogo kilichowekwa na mkono wenye hofu, na mzee amekibeba bila kulalamika, kama alivyobeba mengine yote.

Siku ya 10. 798

Kiwanda cha zamani cha vifaa vya elektroniki kilichojengwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, sasa ni mji mzima wa kumbi za sanaa. Juu ya matao ya ukumbi mmoja bado yamebaki maandishi mekundu ya zamani. Mpwa akasoma: "Mwenyekiti Mao, miaka elfu kumi." Nikamjibu kwa kilichonijia mdomoni bila kufikiri, *Zidumu fikra za Mwenyekiti*. Yeye hajawahi kukisema kibwagizo hicho. Mimi nilikuwa nikikitamka kila wiki.

Katika duka la vitabu tulikaa saa mbili na kitabu cha Yu Hong, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1966. Tangu mwaka 1999 amekuwa akichora mfululizo uitwao *Shahidi wa Kukua*. Kila mwaka wa maisha yake anauchora mara moja kutokana na albamu ya familia, na kando ya mchoro anaweka picha ya gazeti ya mwaka uleule. Mtoto anajifunza kutembea upande mmoja, umati uko uwanjani upande wa pili. Msichana na mchumba wake, na nchi inafungua milango. Binti yake alipozaliwa mwaka 1994, naye akaingia. Hakuna uzi unaounganisha kurasa hizi mbili, unaachiwa uushone mwenyewe. Zhang anaitia siasa ndani ya ngozi ya watu, Yu Hong anaiacha isimame mlango wa pili. Kwa moyo wangu Yu Hong yuko karibu zaidi na jinsi tulivyoishi siku za kawaida. Mpwa akasema, "Ni kama sebuleni kwa Bibi. Mwalimu Nyerere huku, Babu kule." Sikuwahi kufikiri hivyo, nami nimekaa sebule ile miaka yote.

Siku ya 11. Treni kuelekea kusini

Mpwa ameshuka Guangzhou, masomo yanamsubiri. Alinikabidhi bahasha kwa mikono miwili.

Siku ya 12. Hong Kong

Makumbusho ya M+ yako ukingoni mwa bahari, West Kowloon. Yalifunguliwa mwaka 2021. Sehemu kubwa ya sanaa ya China iliyomo ilitolewa na Uli Sigg, aliyewahi kuwa balozi wa Uswisi mjini Beijing. Mwaka 2012 alitoa zaidi ya kazi 1,400 kwa mkupuo mmoja. Mji huuhuu ndipo *Familia Kubwa Na. 3* ya Zhang, ya mwaka 1995, ilipouzwa mnadani mwaka 2014 kwa zaidi ya dola za Hong Kong milioni 94. Nimeandika tarakimu hiyo kwa sababu kila mtu huitaja. Haikunisaidia kuona kitu.

Mchoro wa mfululizo huo uliopo hapa ni wa mwaka 1998. Nilikuwa nimeuzoea kwa ukubwa wa ukurasa wa jarida, kumbe una upana wa kitanda. Nilisimama mahali ambapo mpiga picha angesimama. Nyuso zile zikanitazama kwa macho yenye unyevu yasiyolia. Kwa karibu nilitafuta alama ya brashi, sikuipata, na mikono yangu ikakumbuka penseli na kioo chenye taa. Nikaufuata ule uzi mwekundu. Unapita taratibu toka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, unapotea kwenye kivuli, unaibuka, halafu unafika ukingo wa kanvasi na unatoka nje. Hauishii kwa mtu yeyote aliyechorwa. Nilisogea mpaka mlinzi akanyoosha mkono kunizuia.

Nilikwenda nje, upande wa bahari, nikampigia mdogo wangu Mbeya. Huko ilikuwa asubuhi, nikasikia jogoo na redio.

"Kaka! Umefika salama?"

"Nimefika. Nisikilize. Lile bati la chai, la negative za baba, bado lipo?"

"Lipo juu ya kabati. Sijaligusa tangu msiba wa mama."

"Itakuwamo moja yenye rangi nyekundu upande mmoja. Ya sisi wote. Iweke peke yake, kwenye karatasi kavu, watoto wasiiguse."

"Rangi imeshakauka miaka yote hiyo, Kaka. Utaifanyia nini?"

"Ni rangi ya maji," nikamwambia. "Nikirudi nitaiosha."

Alikaa kimya, nikasikia anazima redio.

"Atakuwa amevaa nini?" akauliza. "Mimi simkumbuki kabisa."